Mwenyewe ni Nani?

Limo katika lugha yetu neno moja linalobeba mizigo miwili kwa mara moja. Neno hilo ni mwenyewe. Mgeni akibisha hodi na kuuliza, "Wenyewe mpo?" awaulizia wale ambao nyumba ni mali yao. Mtu akisema, "Kazi hii nimeifanya mwenyewe," hataji habari ya mali hata kidogo. Ashuhudia tu kuwa mkono uliofanya kazi ulikuwa wake, wala hakumtuma mwingine. Basi mwenye mali na mtenda kazi wamepewa jina moja. Kiingereza kimewatenga watu hawa wawili, kila mmoja kwa neno lake. Kiswahili kimewaweka chini ya paa moja.

Walakini, maisha hayafuati sikuzote hekima ya lugha. Ajengaye nyumba si lazima alale ndani yake, na alalaye ndani yake aghalabu hajui matofali yalipangwaje. Ashonaye nguo ya harusi huenda hakualikwa harusini. Hayo si maajabu, wala si dhuluma yote. Mgawanyo wa kazi umewatoa wanadamu katika ufukara wa kila mtu kujifanyia kila kitu. Lakini swali hubaki. Yupo anayekitumia kitu, yupo aliyekinunua, na yupo aliyekitengeneza: ni yupi kati yao astahiliye zaidi kuitwa mwenyewe? Na je, yuko mtu awezaye kulidai jina hilo lote peke yake?

Nataka kulipima swali hili kwa chombo kimoja, nacho ni gitaa la umeme lililotengenezwa nyumbani, kwa msumeno, patasi na mashine chache. Nimekichagua chombo hiki kwa sababu mbili. Kwanza, ndani yake useremala, ambao ni maarifa ya kale, umeoana na elimu ya umeme, ambayo ni maarifa mapya. Pili, gitaa ni kitu kisichojua kuficha siri. Kiti chenye kasoro chaweza kukaliwa miaka mingi bila mtu kung'amua; gitaa lenye kasoro hujisema lenyewe mara liguswapo.

Tuupeleke mfano wetu Nyakanazi, katika wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Kagera. Hapo ni njia panda. Barabara itokayo Kahama hufika hapo ikagawanyika: tawi moja hushika njia ya Kakonko, Kibondo, Kasulu na Kigoma, jingine hupita Lusahunga likaelekea Ngara, hadi daraja la Rusumo katika mpaka wa Rwanda. Malori ya shehena yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita hapo mchana na usiku. Vitu vingi vipitavyo Nyakanazi hupita vikiwa vimekwisha kutengenezwa mahali pengine: redio, pikipiki, vitanda vya chuma, magodoro, na vyombo vya muziki. Na kwa upande wa pili nchi ile ina miti. Ni nchi ya miombo, na sehemu ya mapori yake tangu mwaka 2019 imo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mbao hutoka, vitu huingia. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Wengi huitumia methali hii kama mzaha, lakini ukiisikiliza kwa makini ni lawama nzito: mali tunayo, na mkono tunao, bali mali na mkono havijakutana.

Natuseme yupo huko kijana seremala. Si mtu ninayemjua. Ni mtu wa kufikiriwa, ingawa hapana shaka wafanani wake wapo wengi. Atengeneza milango, meza na vitanda, na siku za msiba atengeneza majeneza. Moyo wake u katika muziki. Hupiga gitaa la kwaya siku ya ibada, na hualikwa kupiga arusini. Lakini gitaa si lake. Siku moja anawaza: mimi ni fundi wa mbao, kwa nini nisilitengeneze langu?

Msomaji asilidharau wazo hili kuwa ni mchezo wa ujana. Historia ya muziki wa dansi katika Tanzania yatuonyesha uzito wake. Kwa miaka mingi mpiga gitaa wa bendi aghalabu hakuwa na gitaa. Vyombo vilikuwa mali ya chama, ya shirika, ya jeshi au ya mfanyabiashara, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili, ikawa Juwata, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu katika Kongo mwaka 1947 na kuja Dar es Salaam mwaka 1978, alijipatia sifa kubwa katika bendi ya Matimila. Na Matimila halikuwa jina la mwimbaji wala la mpiga gitaa, bali la mfanyabiashara mwenye vyombo.

Hali hii yafaa kutazamwa vema. Wimbo ni wa huyu, vidole ni vya huyu, na furaha ya wasikilizaji imetoka kwa huyu. Lakini jina lililoandikwa juu ya ngoma ni la yule mwenye mali. Siwalaumu wenye vyombo. Bila mitaji yao nyimbo nyingi tuzipendazo zisingesikika. Nasema tu kuwa mwanamuziki wa namna hiyo alikuwa mwenyewe kwa nusu. Siku ya kutofautiana na mwenye vyombo alitoka mlangoni na sauti yake tu, akaenda kuutafuta mlango mwingine wa kubishia hodi.

Hapo twapata daraja ya kwanza ya neno letu: mtumiaji. Daraja ya pili ni mnunuzi. Kijana wetu akiweka akiba akanunua gitaa, ameondoka katika utumwa ule wa kwanza, hapana wa kumwambia, "Weka chini chombo changu." Ni hatua njema, wala sitaki kuitia doa. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mnunuzi hajawahi kulala ndani ya maungo ya gitaa lake. Likinyamaza ghafla jioni ya arusi, yeye na gitaa hutazamana kama wageni wawili. Stakabadhi ya dukani yathibitisha kuwa ni mali yake. Haimwambii waya gani umekatika. Kwa mara ya pili aenda kubisha hodi kwa mtu mwingine.

Basi tuitazame daraja ya tatu, ya mtengenezaji, na kwanza tuone kazi yenyewe inataka nini.

Gitaa la umeme halihitaji tumbo la mbao nyembamba kama gitaa la kawaida. Les Paul wa Marekani alilidhihirisha jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1940, alipotia nyuzi na koili ya sumaku juu ya boriti ya msonobari ya inchi nne kwa nne. Boriti ililia vizuri. Ila watu hawakuipenda mpaka alipoipachika pande mbili za gitaa la kawaida, ikafanana na kile macho yao yalichozoea. Leo Fender, fundi wa redio wa California ambaye hakupata kuwa mpiga gitaa, alitoa mwaka 1950 gitaa la ubao mzito usio na uwazi ndani, ambalo shingo yake ilifungwa kwa skrubu nne tu. Chombo cha namna hii seremala wa milango aweza kukielewa kwa kukitazama.

Lakini kuelewa siyo kuweza. Ubao lazima uwe mkavu, na ukavu hauna njia ya mkato. Desturi ya mafundi wengi ni kuuacha ubao kivulini kiasi cha mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wake. Mninga unasifiwa kwa sababu ukikauka haupindi wala hausinyai sana. Shingo ndiyo yenye mtihani mkubwa zaidi. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa sawasawa huivuta kwa nguvu ya karibu kilo 45, yaani uzito usiopungua sana mfuko wa saruji, na huivuta usiku na mchana, lipigwe gitaa au lisipigwe. Shingo ya mti mbichi itapinda kama upinde. Ndiyo maana hutiwa fimbo ya chuma ndani yake, katika mfereji mwembamba uliochimbwa kwa urefu wote wa shingo.

Kisha huja freti, vile vijiti vya waya mgumu vinavyokatiza shingo, ambavyo kidole hubonyeza nyuma yake ili sauti ipande. Hapa seremala hukutana na hesabu. Natuseme urefu wa uzi, tangu kizingiti cha juu mpaka daraja la chini, ni milimita 648. Kila freti hupatikana kwa kuugawa urefu uliobaki kwa 17.817. Ya kwanza huwa milimita 36.4 kutoka kizingiti. Ya pili milimita 34.3 kutoka ya kwanza. Na kuendelea hivyo mpaka ya kumi na mbili, ambayo yapasa kuangukia katikati hasa, milimita 324. Mwaka 1581 Vincenzo Galilei, mpiga kinanda cha nyuzi wa Italia na baba wa Galileo mwanafalaki, aliandika kanuni nyepesi zaidi: gawa kwa 18. Kanuni hiyo yakaribia kweli. Katika freti ya kwanza tofauti ni chini ya nusu milimita, na jicho haliioni. Lakini tofauti hiyo yajilimbikiza hatua kwa hatua, na ifikapo ya kumi na mbili imezidi milimita mbili. Hapo sikio la mtoto hukataa.

Hapa ndipo gitaa huwa mwalimu wa maadili. Kosa dogo la mwanzo halikufa. Lilikuwa likitembea pamoja na fundi kimyakimya mpaka lilipopata pa kujitangaza. Na likijitangaza halina wa kulinyamazisha. Katika mambo mengi ya dunia mtu aliyekosea aweza kusaidiwa na cheo, na udugu, na bahasha. Freti haina mjomba. Iko mahali pake au haiko. Kijana aliyekwisha kuketi na rula yake usiku mzima, akaona kuwa kweli haipunguzi bei kwa ajili ya mtu yeyote, amepata elimu ambayo kwa kuhubiriwa tu asingeipata.

Mwisho ni koili. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha mjini London kuwa sumaku ikicheza karibu na waya uliozungushwa, mkondo wa umeme huzaliwa ndani ya waya ule. Gitaa hutumia siri hiyohiyo. Chini ya nyuzi huwekwa sumaku, na kuizunguka huviringishwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, kiasi cha mizunguko 7,000 au 8,000. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo mno hutikisika vilevile ndani ya waya, nao hupelekwa katika amplifaya ukuzwe uwe sauti. Mtu wa Nyakanazi hana haja ya kwenda mbali kuiona sheria hii katika umbo lake kubwa. Katika maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera, kipo kituo cha megawati 80 kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 2023 kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia ya umeme ya kilovoti 220 hutoka huko ikafika Nyakanazi. Mitambo ile mikubwa, ambayo mto huizungusha, na koili ile ndogo ya kuwekwa kiganjani, hutii amri moja ya maumbile.

Wala nchi hii haikuanza jana kuufanya mti uimbe. Wahaya wana nanga, na majirani wa Rwanda na Burundi wana inanga: mti mmoja uliochongwa kama hori, na uzi mrefu uliopitishwa huko na huko, toka ncha hadi ncha, ukawa nyuzi saba au nane. Profesa Mugyabuso Mulokozi alizifanyia utafiti tendi ziimbwazo kwa nanga, akaandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Uzi wa kano haumjui sumaku, na uzi wa chuma haulihitaji hori. Lakini mchongaji wa nanga na kijana wetu wangeelewana mara moja juu ya ubao mkavu, juu ya uzi uliokazwa, na juu ya sikio lisilokubali kudanganywa.

Sasa na tuzisikilize hoja za wapinzani, maana swali lisilojibiwa kwa haki hurudi usiku.

Hoja ya kwanza yasema: ikiwa kijana ametumia msumeno wa umeme, drili, na ile mashine ya kuchimba mifereji ambayo mafundi huiita ruta, kazi si yake bali ni ya mashine, mwenye haki ya kusema "nimetengeneza mwenyewe" ni yule wa patasi na randa tu. Nasema hoja hii yakosea mahali pa kuitafuta heshima ya kazi. Patasi nayo ni chombo. Aliyeifua ni mhunzi wa mbali, na chuma chake kimeyeyushwa katika tanuri ambayo seremala hakupata kuiona. Tukianza kuondoa kila kisichokuwa mkono mtupu, tutabaki na kucha, na kwa kucha hakuna aliyepata kuchonga gitaa. Mchagua jembe si mkulima, na mchagua chombo si fundi.

Swali la haki ni hili: ni nani aliyeamua? Ruta huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, lakini haijui mfereji uishie wapi. Ikiongozwa vema, humaliza kwa dakika kumi kazi ya patasi ya nusu siku. Ikiongozwa vibaya, huharibu kwa nukta moja ubao uliosubiriwa mwaka mzima. Mashine huzidisha nguvu ya mkono, na pamoja nayo huzidisha uzito wa kosa. Mwenye patasi hukosea polepole, naye aweza kujizuia. Mwenye ruta lazima awe amefikiri kabla ya kuiwasha. Kwa hiyo mashine haikumpunguzia fundi dhima yake, bali imeisogeza, kutoka wakati wa kukata hadi wakati wa kupima. Na ziko kazi ambazo mashine huziacha kwa adabu: kuisugua shingo kwa tupa na msasa mpaka kiganja kiseme basi, na kuzilinganisha freti moja moja mpaka uzi usilie vibaya juu ya yoyote. Mashine ikiwa imepangiwa kila kitu na mtu mwingine, na kijana akawa kazi yake kubonyeza kitufe tu, hapo nitakubali kuwa jina la mwenyewe limemtoka.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Yasema: hata huyo mwenye patasi na ruta hakutengeneza mwenyewe. Nyuzi amezinunua. Vigingi vya kukazia nyuzi vimetoka kiwandani. Sumaku na waya wa shaba vimetoka katika vyombo vibovu vilivyotengenezwa na watu wa ng'ambo. Basi "mwenyewe" hapa ni majivuno.

Jibu langu ni kwamba hoja hii yasema kweli, na kweli yake haituumizi. Tumtazame Brian May, Mwingereza, ambaye mwaka 1963, akiwa kijana wa shule, alianza kutengeneza gitaa pamoja na baba yake Harold, fundi wa elektroniki, kwa sababu gitaa la dukani lilizidi uwezo wao. Shingo waliichonga katika ubao wa kale uliokuwa umepamba sehemu ya kuotea moto. Alama za freti zilikuwa vifungo vya lulumizi. Springi mbili zilitoka katika pikipiki kuukuu. Na mkono wa kutikisia nyuzi ulitiwa ncha ya sindano ya kufumia ya mama. Kazi ilichukua miaka karibu miwili na gharama ya kiasi cha pauni 8. Koili alizojitengenezea hazikumridhisha, akanunua za kampuni ya Burns. Je, koili za dukani zilimvua jina? Ni gitaa hilo alilolipiga miaka yote katika kundi la Queen, pamoja na Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Na mwaka 2002 alilipiga juu ya paa la kasri ya Buckingham. Ulimwengu wote walijua kama gitaa lake, na yeye hachoki kulitaja kama gitaa lake na baba yake.

Karibu zaidi na sisi tumtazame Mawangu Mingiedi wa Kinshasa, mwanzilishi wa kundi la Konono No. 1, aliyefariki mwaka 2015. Mji ulipomzidi kelele, na likembe yake isisikike, alitengeneza vinasa sauti kwa mbao na sumaku za vipuri vya magari, akaitia likembe umeme. Santuri yao ya Congotronics ya mwaka 2004 ilisikika duniani kote. Sumaku haikuwa yake; fikra ya kuiweka pale ilikuwa yake. Chuma kilichokuwa takataka kwa mwenye gari kilikuwa sauti kwake.

Basi neno mwenyewe halimaanishi peke yangu. Anayesema "nimetengeneza mwenyewe" kwa maana ya "sina deni kwa mtu" amesema uongo, na gitaa lake litamsuta kwa kila uzi. Anayesema hivyo kwa maana ya "makosa yaliyomo ni yangu, niulizeni mimi" amesema kweli. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo mzizi wa neno: mwenyewe wa kitu ni yule awezaye kukijibia. Mnunuzi aonyesha stakabadhi. Mtengenezaji aonyesha sababu.

Lakini aliyekubali kujibu hachagui maswali. Akiulizwa habari ya ubao, yampasa ajue ulikotoka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na katika nchi ya miombo kila seremala ajua kuwa ziko mbao zipitazo usiku bila hati, nazo ni rahisi. Jambo hili si la maskini peke yao. Kampuni ya Gibson ya Marekani, yenye jina kubwa katika magitaa, mwaka 2012 ilikubali kulipa adhabu ya dola 300,000 ili kumaliza shauri lililohusu mbao nyeusi zilizotoka Madagaska. Sikio haliwezi kutofautisha mninga halali na mninga wa wizi. Vyote viwili hulia vizuri. Hapo gitaa, lililokuwa hakimu mkali wa freti, hunyamaza, na fundi huachwa peke yake na dhamiri yake. Kujibia kilichosikika ni ufundi; kujibia kisichosikika ni uungwana. Mti uliochukua miaka mingi kukua haukuwa wa kijana kabla hajauona, na ukikatwa kwa hila utabaki kuwa mali ya watu wengine hata uchongwe kwa uzuri gani.

Hoja ya tatu ni ya wazazi, nami sithubutu kuifanyia mzaha. Yasema: miezi ya kutengeneza gitaa moja ingetoa vitanda vingi, na vitanda vingelipa ada za watoto, tena gitaa la bei nafuu kutoka viwanda vya Asia huenda likalia vizuri kuliko lake la kwanza. Ni kweli. Ikiwa nyumbani kuna njaa, kitanda kitangulie. Muziki mtamu haupoozi tumbo la mtoto. Wala gitaa la kwanza la fundi halitakuwa bora kuliko yote. Lakini tusikosee hesabu. Katika miezi ile kijana hakutengeneza gitaa peke yake. Amejua kukausha ubao kwa subira, kupima kwa nusu milimita, kulehemu waya, kusoma njia ya umeme, na kukubali kushindwa bila kumlaumu jirani. Milango yake ya kesho itafungika vizuri zaidi kuliko milango yake ya jana. Hasara ya fedha huonekana mara moja. Faida ya mkono uliofundika huonekana kwa miaka.

Tena iko tofauti moja ya mwisho kati ya mali ya mnunuzi na mali ya mtengenezaji. Gitaa lililonunuliwa likiazimwa, mwenyewe hubaki bila gitaa. Likiibwa, amerudi daraja ya kwanza. Aliyelitengeneza akiibiwa amepoteza mbao na nyuzi, bali kile kilichomfanya mwenyewe kimebaki katika mikono yake. Na akimfundisha kijana wa pili, halafu wa tatu, hakupungukiwa hata chembe.

Kwa hiyo shauri langu kwa vijana wa njia panda zetu, na kwa walimu wa shule na vyuo vya ufundi, ni jepesi. Nunueni mnavyoweza kununua, wala msione haya. Lakini kila mtu na awe na kitu kimoja maishani, kiwe gitaa au mlango au kitabu, ambacho akiulizwa, "Kwa nini kiko hivi?" hatasema, "Nilikikuta hivyo dukani." Malori yataendelea kupita Nyakanazi na shehena za watu wengine, nayo ni heri ipitayo. Miti imesimama pale, umeme umefika, hesabu ya freti haina siri. Kilichobaki ni mtu wa kusema, siku ubao utakapopasuka au waya utakapokatika, "Leteni hapa, mwenyewe nipo."